Unga shinani, mabuu kisikini: kumtambua mbawakawa kabla ya kumwagia dawa

Mwenye mwembe wa uani hapa Mwanza, kule Buhongwa au Igoma, akishaona tundu kwenye shina, huuliza kwanza apulizie dawa gani. Swali hilo limekuja mapema mno. Linalotangulia ni hili: hapo penye tundu mti uko hai, umekufa karibuni, au umekufa zamani na sasa unaoza? Kufa kwa mti kuna hatua zake, na kila hatua ina wadudu wake. Ukishaijua hatua, wanabaki wadudu wawili watatu tu wa kuchagua.

Mti ukidhoofika kwa kiu, moto au jeraha, harufu yake hubadilika. Wa kwanza kuifuata ni mbawakawa wenye vipapasio virefu, ambao majike yao hutaga kwenye nyufa za gome. Mabuu wao hula chini ya gome lingali limeshika. Mbao ikianza kukauka hufika watoboaji wengine, wafupi wa mviringo, weusi au kahawia. Kisha unyevu na kuvu huingia, mbao inalainika na kupoteza rangi yake, na hapo ndipo wanapokuja mbawakawa wa mbao iliyooza: wale wenye pembe puani, wale wa maua wenye rangi za kung'aa, na wale ambao ukiwalaza chali hujirusha juu kwa mlio wa "ta!". Mabuu wa hawa wote wa mbao iliyooza hawana uwezo wa kula mti ulio hai. Wanaishi kwa mbao ambayo kuvu imekwisha kuivunja.

Nao ndio wanaouawa kuliko wote. Ni wakubwa, wanono, na hukutwa pale pale mti ulipofia, kwa hiyo lawama zote huwaangukia. Kukutwa msibani si kuua. Inaniuma kuona mtu amemwaga petroli ndani ya kisiki chenye mabuu waliokuwa wakimtengenezea udongo bure, huku kilichoua mti wake hakijaguswa na mwakani kitaua wa pili.

Anza na kisu

Chukua kisu, tochi, waya mwembamba (spoki ya baiskeli inafaa sana) na karatasi nyeupe. Kwangua gome kidogo, upana wa ukucha, sentimita chache kutoka kwenye tundu. Ukikuta ngozi ya kijani au nyeupe yenye maji, hapo mti uko hai. Ukikuta kahawia kavu lakini mbao chini yake ni ngumu, sehemu hiyo imekufa karibuni. Kisu kikizama bila nguvu na mbao ikameguka, hiyo imeoza, na imeoza kwa muda mrefu.

Rudia upande wa pili wa shina, na rudia juu zaidi. Mti mmoja unaweza kuwa na hatua zote tatu kwa wakati mmoja: tawi lililooza, tawi lililokufa msimu uliopita, na shina zima lenye afya. Watu wengi hukata mwembe mzima kwa sababu ya tawi moja, nao ulikuwa na miaka mingi ya kuzaa mbele yake.

Dalili: unga au chenga chini ya tundu

Tandika karatasi chini ya tundu jioni, uangalie asubuhi. Kwanza utajua kama kazi bado inaendelea, maana tundu kuukuu halitoi kitu. Pili, unga wenyewe unasema mengi.

Chenga ndefu zenye nyuzinyuzi, zikitoka chini ya gome au zikiwa zimesokotana tunduni, ni za mabuu wa mbawakawa wenye vipapasio virefu. Buu wake ni mweupe, amenyooka, karibu hana miguu, na kifua chake ni kipana kuliko mkia. Ukikuta njia pana za kujipinda chini ya gome, zimejaa unga ulioshindiliwa, ni yeye huyo. Akipevuka hutoka kwa tundu la duara au la yai.

Unga mlaini ambao ukiusugua vidoleni husikii chembe yoyote, ukitoka katika vitundu vya milimita 1 hadi 2, ni wa mdudu wa mbao kavu. Kwenye mti uliosimama si kawaida kumkuta. Makazi yake ni fenicha na mbao za dukani, nitamrudia.

Vijiti vyembamba vya unga vinavyochomoza kwenye gome na kukatika ukivigusa ni kazi ya mbawakawa wadogo sana wanaolima kuvu. Hawali mbao. Hutoboa, hupanda mbegu za kuvu kwenye kuta za njia yao, na mabuu hula kuvu hiyo. Ndiyo maana ukipasua mbao unakuta vitundu safi visivyo na unga ndani, kuta zake zimepakwa weusi. Wengi wao hufuata mti uliodhoofika au gogo lililokatwa juzi.

Punje ngumu za umbo la yai, zote zikiwa karibu saizi moja, zimejaa ndani ya pango la mti: hicho ni kinyesi cha mabuu wa mbawakawa wa maua au wa wale wenye pembe. Hapo usifanye chochote. Punje hizo ni mbolea, na zinaonyesha kwamba ndani ya pango kuna mbao iliyooza tu.

Ukiona udongo badala ya unga, vijia vya matope vikipanda shinani, hao ni mchwa, na dawa ya mbawakawa haitakusaidia.

Dalili: mabuu weupe waliojikunja kwenye kisiki au gogo

Hawa wana kichwa cha kahawia, miguu 6 karibu na kichwa, mwili mnene uliojikunja nusu duara na mkia wa kijivu kwa sababu ya chakula kinachoonekana ndani. Ukiwaona tu unajua hatua: mbao imeoza. Kazi iliyobaki ni kujua kama ni wa maua au wa wale wenye pembe, na kwa hilo kuna jaribio zuri kuliko yote ninayoyajua.

Mweke buu juu ya ubao au sakafu bapa, umwache atulie. Akijigeuza chali na kuanza kutembea kwa mgongo, miguu ikipepea hewani, huyo ni wa mbawakawa wa maua. Wengi wa jamii hiyo hutembea hivyo. Akibaki ubavuni akijikokota kwa shida, yaelekea ni wa mwenye pembe au ndugu zake.

Wa maua mrudishe ulikomtoa na umfunike. Akikua atakula chavua na matunda yaliyoiva, ndiyo maana utamkuta kwenye papai lililopasuka au embe lililochezewa na ndege, lakini mti hauui. Katika misitu ya Uganda na Kongo yuko ndugu yao mkubwa, Mecynorhina torquata, ambaye dume lake huweza kuzidi sentimita 7, na buu wake pia hulelewa na mbao zilizooza.

Huyo mwenye pembe anahitaji uamuzi. Mabuu wake hawadhuru mti wowote, ila mkubwa wake hupenda jamii ya minazi: hupenya kwenye kilele na kutafuna majani yangali yamejikunja, hivyo jani likifunguka linaonekana limekatwa kwa mkasi umbo la V. Ukiwa na minazi au michikichi ya mapambo karibu, usiache magogo ya jamii hiyo yaozee hapo, na pindua lundo la samadi mara kwa mara, kwa sababu samadi ya ng'ombe ni kitalu chake kingine. Kwa Usukuma, penye zizi karibu kila kaya, wengi wanaodhaniwa wametoka kwenye mti wametoka kwenye samadi. Usipokuwa na minazi wala michikichi, huna ugomvi naye. Akija taani usiku mvua za vuli zinapoanza, mshike mgongoni umtoe nje.

Mara nyingine kati ya mabuu hawa wanono utakuta mmoja mwembamba, mgumu, wa rangi ya shaba, amenyooka kama kipande cha waya. Ni buu wa yule anayejirusha, na kadhaa wa jamii hiyo huwinda mabuu wengine ndani ya mbao. Mwache.

Dalili: tundu safi la duara kwenye mti mbichi wenye majani

Hili ndilo la kushtukia. Kwenye mchungwa, mpera, mwembe au mkahawa wenye afya, ukikuta tundu la duara la kuingiza penseli, unga mpya ukidondoka na ngozi ya pembeni ikiwa ya kijani, mshukiwe Apate monachus. Ni mbawakawa mweusi wa mviringo, urefu hadi sentimita 2, kichwa kimejificha chini ya kifua ukimtazama kutoka juu.

Tabia yake inachanganya watu. Anayetoboa mti ulio hai ni mkubwa mwenyewe, akitafuta chakula, lakini hazai humo. Mayai huyapeleka kwenye mbao iliyokufa, na mabuu hukulia huko. Kwa hiyo ukipasua tawi la mchungwa wako ukitafuta mabuu hutayaona, na ukimuua mmoja tunduni, wengine wataendelea kutoka kwenye rundo la matawi uliyoyapogoa miezi iliyopita na kuyaacha nyuma ya nyumba.

Tiba ni hiyo spoki. Isukume ndani ya tundu taratibu, ukikumbuka kwamba njia yake mara nyingi huelekea juu, mpaka uhisi umegusa kitu laini na ncha irudi na majimaji. Kisha ondoa matawi yaliyokufa karibuni, yenye gome na mbao ngumu: yachome jikoni mapema au uyapasue yakauke haraka. Usichanganye hayo na kisiki kilichooza. Kisiki kinachomeguka hakimfai Apate, na kuking'oa hakutaokoa mchungwa.

Mti mchanga uliotobolewa shinani funga kijiti cha kuushikilia. Mara nyingi hauuawi na kula kwake. Huvunjwa na upepo wa ziwani pale penye tundu.

Dalili: mkaratusi unakauka kuanzia juu, gome linabanduka

Bandua gome. Ukikuta njia pana zilizojaa unga, nyingine zikienda zaidi ya mita moja, huyo ni Phoracantha, mbawakawa mwenye vipapasio virefu aliyetoka Australia pamoja na mikaratusi yenyewe na kuenea sehemu nyingi za Afrika. Ni kweli anaumaliza mti. Lakini mkaratusi wenye maji ya kutosha huwazamisha mabuu wake kwa utomvu kabla hawajafika mbali. Anayeshinda ni yule anayekuta mti una kiu.

Vilima vya Mwanza ni miamba ya matale yenye udongo kiduchu juu yake. Mikaratusi iliyosongamana juu ya mwamba, mwaka wa vuli haba, ni mlango uliofunguliwa. Dawa haimfikii buu aliye chini ya gome. Punguza miti ili inayobaki ipate maji, toa iliyokufa ikiwa bado na gome, na magogo uliyoyakata yamenye gome au yaondoe shambani mapema, maana jike hutaga hata kwenye gogo la jana.

Dalili: mti wa ufukweni umekufa umesimama

Kuanzia Luchelele hadi Kayenze, na visiwani Ukerewe, utaona miti mikavu iliyosimama majini au hatua chache kutoka majini, imejaa matundu. Wapo wanaosema wadudu waliingia kutoka ziwani. Sivyo. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda yakazidi hata kiwango cha Mei 1964, kilichokuwa rekodi, na mizizi mingi ya ufukweni ilikaa chini ya maji muda mrefu. Mizizi inahitaji hewa. Ikikosa hewa inakufa, na mti unaweza kubaki na majani kwa muda kabla haujaonyesha. Mbawakawa walikuja baadaye kula kilichokufa.

Miti hiyo iache isipokuwa inaning'inia juu ya njia, nyumba au mahali mitumbwi inapoegeshwa. Na tafadhali usimwage dawa ya kunyunyizia pamba kwenye matundu yake. Nyingi za dawa hizo ni sumu kali kwa samaki, na kutoka shina hilo hadi kwenye maji ni mvua moja tu.

Dalili: mti una pango, lakini una majani tele

Swali la watu hapa ni kama mti utaanguka. Pango lenyewe haliuui mti. Kiini cha shina kilikwisha kufa siku nyingi hata kwenye mti mzima. Kinachoulisha mti ni tabaka la nje chini ya gome. Mkuyu au mkwaju wenye pango unaweza kuishi miaka mingi hivyo, ukihifadhi nyuki, bundi na hondohondo.

Kinachopimwa ni unene wa ukuta. Watunza miti hutumia kanuni kwamba mbao nzima iliyobaki iwe walau karibu theluthi ya nusu kipenyo. Shina la kipenyo cha sentimita 60 lina nusu kipenyo cha 30, kwa hiyo ukuta mzima wa kama sentimita 10 kuzunguka pande zote unatia moyo. Pango likiwa na mdomo mpana ubavuni, ukuta unatakiwa uwe mnene zaidi. Gonga shina kwa nyundo ya mbao ukizunguka. Panapolia wazi, sukuma waya kupitia tundu lililopo ujue mbao ngumu inaanzia wapi. Usitoboe matundu mapya kwa ajili ya kupima, na usijaze pango saruji. Saruji hushika maji ndani na hukwaruzana na mbao mti unapoyumba.

Mti ukishindwa kipimo na uko juu ya nyumba, punguza kichwa chake kwanza. Mara nyingi kutoa uzito wa matawi kunatosha, na shina linabaki. Ikibidi kuukata, jadili na fundi abakize shina la mita 2 au 3 badala ya kulisawazisha na ardhi. Huko Ulaya yuko mbawakawa aitwaye Osmoderma eremita anayeishi ndani ya mapango ya mialoni mikongwe, na wengi wao hawaondoki kamwe kwenye mti walimozaliwa. Miti yenye mapango ilipokatwa, naye aliadimika, hata ikabidi alindwe kisheria na Umoja wa Ulaya kuanzia 1992. Sisi bado tuna miti hiyo katika viwanja vyetu, na kwenye kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, miti huanguka na kuoza bila mtu kuibeba kuni. Sioni sababu ya kungoja tufike walikofika wao.

Kilichofungua mlango

Ukipata mdudu, endelea kurudi nyuma hadi ulipe jina jeraha. Kwa miti ya nyumbani Mwanza, ninayoyaona zaidi ni haya: takataka zinazochomwa shinani kila jioni, mizizi iliyokatwa wakati wa kuchimba msingi au choo, saruji iliyomwagwa hadi kwenye shina, waya wa kuanikia nguo uliozama kwenye gome, na tawi lililokatwa vibaya.

La tawi nitalieleza, kwa kuwa ndilo linaloanzisha mapango mengi. Tawi likikatwa kwa panga na kuachwa kigutu, kigutu hicho hakifunikwi na gome. Kinakufa, kinaoza, na uozo unaingia hadi shinani. Likikatwa sambamba kabisa na shina, unaondoa uvimbe ulio kwenye shingo ya tawi, na uvimbe huo ndio wenye uwezo wa kulifunga jeraha. Tumia msumeno. Kata kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, hadi theluthi ya unene. Kisha kata kwa juu mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchana gome. Mwisho ondoa kigutu nje kidogo tu ya ule uvimbe. Usipake rangi wala oili chafu. Jeraha safi hujifunga lenyewe.

Je, watahamia kwenye paa?

Wa mbao iliyooza, hapana. Wanahitaji unyevu na kuvu, na kenchi kavu haina vyote viwili. Ukimkuta buu wa kujikunja kwenye mbao ya paa, tafuta bati linalovuja.

Wanaokula mbao kavu ni wale wa unga mlaini wa vitundu vidogo. Wanafuata wanga uliomo kwenye mbao nyeupe ya nje ya miti ya majani mapana, ndiyo maana kitanda cha mwembe hutoboka ubavu mmoja na upande wa kiini ukabaki mzima. Unaponunua mbao, kataa zenye ukingo mweupe mpana, au dai zilizotibiwa kwa chumvi za boroni. Mianzi ina mtoboaji wake mdogo pia. Na tundu la kuingiza kidole chini ya kenchi, lenye mlio wa kuvuma mchana, ni la nyuki mkubwa mweusi. Lizibe kwa kijiti cha mbao akishahama.

Ukibaki na shaka

Mpelekee afisa kilimo wa kata, au afisa misitu wa wilaya kama ni mti wa mbao. Kwa wadudu wa miti ya matunda na mazao, kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) cha Ukiriguru kiko Misungwi, si mbali na jiji. Weka mdudu mkubwa kwenye chupa kavu, na buu kwenye chupa nyingine pamoja na kipande cha mbao ulimomtoa. Andika jina la mti, tarehe, urefu wa tundu kutoka ardhini, na kama ulipokwangua palikuwa kijani, kahawia kavu, au pameoza. Piga picha ya unga kwenye karatasi nyeupe ukiweka sarafu pembeni. Bila kipande cha mbao na jina la mti, hata mtaalamu atakuwa anabahatisha.